Kazi ya mkono ni yako, bei ni ya soko

Katika mabasi yanayovuka Namanga, Sirari, Mutukula na Rusumo kuna mizigo ambayo mwenyewe hakubali iwekwe kwenye buti. Huipakata. Ndani yake kuna vinyago vilivyofungwa kwa magazeti, picha za Tingatinga za kitambaa zilizoviringishwa kama mkeka, na vikapu vilivyopachikwa kimoja ndani ya kingine. Ni mali isiyooza, lakini pia ni mali isiyo na bei maalumu.

Anayeishi kwa biashara hii anajua inavyotofautiana na mchele au mahindi. Mchele mzuri utapata mnunuzi leo au kesho, na bei yake inajulikana tangu shambani. Kinyago kizuri kinaweza kukaa rafuni mwaka mzima, kisha kikanunuliwa na mtu aliyeingia dukani kukwepa mvua. Cha jirani yake, kilichochongwa ovyo, kinaweza kuondoka siku ile ile kilipofika.

Kama jambo hilo linamsumbua muuzaji, tumfikirie aliyekichonga. Yeye hayupo sokoni. Hamwoni mteja, hajui kama kazi yake ilisifiwa au ilidharauliwa, na mara nyingi hajui hata iliishia nchi gani. Anachopata ni malipo ya kwanza, tena madogo, na gogo jingine la kuanza upya. Ni nini kinachomfanya arudi kwenye gogo hilo na kulichonga vizuri?

Jibu linaonekana ukifuatilia historia ya sanaa tunazovusha mipakani. Mafundi walioacha kitu cha kudumu walikuwa na malipo mawili. La kwanza lilitoka kwenye kazi yenyewe, siku ile ile, mkono ulipokuwa ukiifanya. La pili lilitoka sokoni, na hilo lilikuja au halikuja. Waliotegemea la pili peke yake walichoka mapema, au kazi yao iliharibika. Na kazi ya fundi ikiharibika, mfanyabiashara ndiye anayefuata kupata hasara.

Miaka minne ya rangi ya baiskeli

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika eneo la Tunduru, kusini mwa Tanzania. Katika miaka ya 1950 alikwenda Tanga kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, kisha akaingia Dar es Salaam, ambako alifanya kazi za nyumbani na vibarua vya kila aina. Hakusomea uchoraji popote. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora kwa vitu alivyomudu kununua: ubao mwembamba wa dari uliokatwa vipande vya futi 2 kwa 2, na rangi ya kupaka baiskeli.

Aliyewahi kushika picha ya mtindo huo anajua inavyofanywa. Ubao wote hupakwa rangi moja kwanza, ukaachwa ukauke. Kisha huchorwa mnyama mmoja, chui au tembo au ndege, akajaza karibu eneo lote. Baadaye hufuata mistari na madoa, moja baada ya jingine. Rangi ya baiskeli hukauka taratibu. Mwenye haraka huvuruga rangi ya chini na kuharibu yote.

Picha hizo ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali ambapo wageni walikwenda kununua mahitaji yao, na mkewe alishiriki kuziuza. Bei ilikuwa ndogo. Baadaye Tingatinga aliajiriwa Hospitali ya Muhimbili kama msaidizi wa wauguzi, lakini hakuacha brashi. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mtu mwingine, akafariki dunia.

Alichora kwa takriban miaka minne tu. Hakuona jina lake likigeuka kuwa jina la mtindo mzima unaojulikana Ulaya, Marekani na Japani. Hakuona ushirika wa wachoraji uliosajiliwa mwaka 1990 kwa jina hilo, wala vizazi vya wachoraji waliofundishana kutoka kwa wanafunzi wake wachache, wengi wao ndugu na jamaa. Picha alizouza kwa shilingi chache nje ya duka sasa zinapigwa mnada ng'ambo kwa fedha nyingi ambazo familia nyingi za Tunduru hazijawahi kuzishika.

Ukimpima Tingatinga kwa faida aliyoondoka nayo, utasema alipunjwa. Na kweli alipunjwa. Hata hivyo, katika miaka hiyo minne alikuwa na kitu kisichosubiri mnunuzi. Alianza na ubao mtupu, akamaliza na chui. Hilo lilikuwa lake kabla ya mtu yeyote kufungua pochi, na hakuna aliyeweza kulirudisha kama mali iliyokataliwa.

Mkono uliovunjika

Twende kwenye Mto Ruvuma, unaotenganisha Tanzania na Msumbiji. Wamakonde wako pande zote mbili, na katika karne iliyopita wengi walivuka kutoka uwanda wa Mueda wakitafuta kazi na kukimbia utawala wa Kireno. Walivuka na tezo zao, patasi zao na ujuzi wa kuchonga mpingo, mti mweusi wenye moyo mgumu kiasi kwamba kipande chake huzama majini.

Mmoja wao alikuwa Samaki Likankoa, aliyechonga Dar es Salaam katika miaka ya 1950. Simulizi lake limehifadhiwa na watafiti wa sanaa ya Kimakonde. Alikuwa akichonga sanamu ya mtu kwa ajili ya Mohamed Peera, mfanyabiashara aliyekuwa akinunua vinyago mjini humo. Sanamu ikavunjika mkono. Kwa hesabu ya kawaida kazi ilikuwa imeharibika, na mteja alikuwa akisubiri mtu mwenye mikono miwili.

Likankoa hakuitupa kuni. Alirudi nayo, akaendelea kuichonga akifuata umbo lililobaki, hadi ikawa kiumbe kama zile pepo za porini zinazosimuliwa na Wamakonde. Peera alipoiona aliipokea na kumtia moyo aendelee. Ndivyo unavyosimuliwa mwanzo wa mtindo wa shetani: vinyago vyenye jicho moja, tumbo lililo wazi, viungo vinavyopinda bila kufuata mwili wa binadamu. Leo huwezi kutembea kijiji cha wachongaji cha Mwenge bila kukutana navyo.

Tuangalie kilichotokea hapo. Fundi aliyeshikilia matokeo aliyoyapanga angeona hasara tu. Aliyekuwa anapenda kuchonga aliona gogo ambalo bado lina kitu ndani yake. Tusimsahau mnunuzi pia. Peera aliagiza kitu kimoja akaletewa kingine, na hakukikataa. Kama angesema "Siyo nilichoagiza", huenda mtindo ule ungekufa siku hiyo, na pamoja nao mapato ya maelfu ya watu waliokuja kuishi kwa kuuza mashetani wa mpingo.

Kuna mwingine wa asili hiyo hiyo ya kusini, George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa mlinzi wa usiku Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam. Akiwa hapo ndipo kazi zake zilipoonekana, na mwaka 1978 zilipelekwa kwenye maonyesho Washington. Lilanga alichukua yale mashetani ya mpingo akayahamishia kwenye karatasi, ubao na turubai, kwa rangi kali na vichekesho. Ugonjwa wa kisukari ulipomfikisha kukatwa miguu, aliendelea kufanya kazi akisaidiwa na vijana wake mpaka alipofariki mwaka 2005. Kufikia wakati huo alikuwa na jina tayari, lakini kazi yake ilikuwa imeanza zamani, wakati mshahara wake ulikuwa wa kulinda geti.

Mgema akisifiwa

Wahenga walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwa kawaida tunautumia msemo huo kumkanya mtu mwenye majivuno. Lakini ukiusikiliza kama mfanyabiashara, unaeleza jinsi mali inavyoharibika. Mgema alikuwa anagema vizuri hadi siku alipoanza kufuata sifa. Tangu hapo akawa anawatazama wanywaji badala ya kuutazama mnazi.

Historia ya kuchonga Ukambani inaonyesha jambo hilo kwa upana wake. Mutisya Munge wa Wamunyu, katika eneo la Machakos, anatajwa kuwa ndiye aliyeleta uchongaji wa biashara. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia alipelekwa Tanganyika, akawaona wachongaji wa huko, akarudi na ujuzi wao na kuwafundisha jamaa zake. Kwa maneno mengine, sanaa maarufu ya Wakamba ni mzigo uliovuka mpaka wa Tanganyika na Kenya zaidi ya miaka 100 iliyopita, bila cheti wala ushuru, kichwani mwa mtu mmoja.

Baada ya vita vya pili na ujio wa watalii, kazi hiyo ikawa biashara kubwa. Vyama vya ushirika vilianzishwa katika miaka ya 1960, kikiwemo cha Changamwe, Mombasa. Twiga, swala, vijiko vya saladi na mashujaa wa Kimaasai vilianza kutoka kwa maelfu. Kazi ikagawanywa: huyu anakata gogo, yule anatoa umbo, mwingine anapiga msasa, wa mwisho anapaka dawa ya viatu ili mti mweupe uonekane kama mpingo. Familia nyingi zilisomesha watoto kwa fedha hizo, na hilo si jambo la kubezwa.

Ila mtu anayelipwa kwa idadi huanza kuhesabu. Twiga wa tano anafanana na wa nne, na wa hamsini ana shingo iliyokatwa haraka zaidi. Duka la jirani likipata twiga wale wale, bei inashuka. Bei ikishuka, fundi anachonga wengi zaidi kufidia, na ubora unashuka tena. Kila mfanyabiashara anayesoma hapa ameuona mzunguko huo kwenye meza yake mwenyewe, hata kama anauza viatu.

Mti nao ulilipa gharama. Mpingo unahitaji miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Muhugu, uliopendwa sana na wachongaji wa Kenya, ulipungua vibaya misituni. Ilibidi katika miaka ya 1990 wahifadhi wawashawishi wachongaji kuhamia miti inayokua haraka na kupandwa mashambani, kama mwarobaini, mwembe na jakaranda. Kila mti una tabia yake mpya chini ya tezo, kwa hiyo aliyekuwa bado anaipenda kazi alikuwa na jambo jipya la kujifunza. Aliyekuwa amebaki na hesabu tu aliona usumbufu.

Oda inavyobana mkono

Jambo hili limewahi kupimwa. Mtafiti wa Marekani Teresa Amabile na wenzake, katika miaka ya 1990, waliwaomba wasanii 23 waliokuwa wakiishi kwa sanaa watoe kila mmoja kazi 10 walizozifanya kwa oda na 10 walizozifanya bila kuagizwa. Wataalamu wa sanaa walizipima zote bila kuambiwa ipi ni ipi. Kwa ufundi, makundi mawili yalilingana. Kwa ubunifu, kazi za oda zilipewa alama za chini kwa wazi. Zilizoathirika zaidi ni zile ambazo msanii alihisi amebanwa na masharti ya mteja.

Matokeo hayo yanamhusu moja kwa moja mtu anayempigia fundi simu na kusema: "Nitengenezee 40 kama zile za mwezi uliopita." Atapata 40. Zitakuwa zimepigwa msasa vizuri. Lakini ile moja ambayo mteja angesimama kuitazama, ile inayomtofautisha na meza 15 zinazofanana sokoni, haitakuwemo.

Utafiti wa zamani zaidi, wa mwaka 1973, ulifanywa na wanasaikolojia wa Marekani kwa watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Baadhi waliahidiwa zawadi wakichora, wengine hawakuahidiwa kitu. Wiki chache baadaye, kalamu zilipowekwa tena mezani bila zawadi, wale waliokuwa wameahidiwa walichora kwa muda mfupi karibu nusu ya wenzao. Uchoraji ulikuwa mchezo wao. Ahadi iliugeuza kuwa kibarua, na kibarua kisicho na malipo hakuna anayekitaka.

Gamba la mutuba na mikono ya Kirehe

Kuna sanaa za ukanda wetu zilizopitia mtihani mgumu kuliko oda: soko lenyewe liliondoka. Lubugo ya Uganda ni mfano. Ni kitambaa kinachotengenezwa kwa gamba la ndani la mti wa mutuba. Katika Buganda, mafundi wa ukoo wa Ngonge ndio wamekuwa wakiitengeneza kwa ajili ya ikulu ya Kabaka kwa karne nyingi. Gamba hubanduliwa wakati wa mvua. Hupigwa chini ya banda lililo wazi, ili lisikauke upesi, kwa nyundo za mti zenye mikato tofauti, saa baada ya saa, mpaka linakuwa laini, pana na lenye rangi ya udongo wa kuoka. Kidonda cha mti hufungwa kwa majani ya mgomba, gamba likaota tena. Mti mmoja ukitunzwa unaweza kuvunwa miaka mingi.

Katika karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilifika Buganda na shehena za pamba. Kwa lugha yetu ya leo, bidhaa ya kuvuka mpaka iliingia ikaua ya nyumbani. Watu waliacha kuvaa lubugo kila siku, ikabaki ya mazishi, matambiko na kutawazwa. Biashara ya fundi ilishuka, lakini mlio wa nyundo haukukoma kabisa. Walikuwepo waliofundisha watoto wao kupiga gamba ambalo hakuna aliyekuwa analipigia foleni. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi hiyo kuwa urithi wa binadamu, na siku hizi wabunifu wa mavazi na wasanii wanaitafuta. Waliopiga nyundo katika miaka ya ukame wa soko hawakujua kama siku hiyo ingefika, na wengi wao walikufa kabla haijafika.

Ukivuka daraja la Rusumo kutoka Ngara, unaingia Wilaya ya Kirehe, Rwanda. Huko ndiko nyumbani kwa imigongo, michoro ya mistari ya pembe na duara ambayo wanawake walikuwa wakipambia kuta za ndani za nyumba zao. Malighafi yake ni samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu. Huwekwa juu ya ubao, matuta yakainuliwa kwa vidole, yakaachwa yakauke, yakasuguliwa, kisha yakapakwa rangi: nyeusi, nyeupe ya udongo, nyekundu ya ardhi.

Sehemu ya eneo hilo ni Nyarubuye, ambako watu wengi waliuawa kanisani mwezi Aprili 1994. Baada ya mauaji ya kimbari, wanawake wa huko, wakiwemo wajane, walijikusanya katika ushirika na kuifufua sanaa iliyokuwa ikififia. Hapakuwa na mtalii mlangoni wakati huo. Palikuwa na samadi, ubao na mikono. Leo ubao wa imigongo unauzwa Kigali na mbali zaidi, na wafanyabiashara wa mipakani ni miongoni mwa wanaoubeba.

Tumbo halishibi kuridhika

Msomaji anaweza kusema: haya ni maneno ya mtu aliyekula. Mama mwenye ada ya shule mwezi Januari hawezi kumlipa mwalimu kwa furaha ya kusuka kikapu. Hoja hiyo ni ya kweli, na lazima ijibiwe vizuri, kwa sababu kuna wajanja wanaoitumia falsafa hii vibaya. Humwambia fundi, "Wewe si unapenda kazi yako?", kisha humpunguzia bei.

Kutoshikilia matokeo hakumaanishi kuacha kudai haki. Bei hujadiliwa kwa ukali wakati wa kujadili bei. Tingatinga aliuza picha zake, Likankoa alimchongea mfanyabiashara, wanawake wa Kirehe wameunda ushirika ili walipwe. Hakuna hata mmoja aliyegawa bure. Tofauti iko kwenye saa. Kuna saa ya kuchonga na saa ya kuuza. Anayeuza wakati anachonga hukata shingo ya twiga vibaya. Anayechonga wakati anauza huona kila mteja anayepunguza bei kama anamtukana yeye mwenyewe, na biashara, kama tujuavyo, haigombi.

Fundi ana mambo yaliyo mikononi mwake: mti anaouchagua, makali ya patasi, muda anaoupa kila kona, na kama leo atajaribu umbo jipya. Yaliyo nje ya mkono wake ni msimu wa watalii, foleni ya mpakani, kupanda na kushuka kwa shilingi, na ladha ya mtu asiyemjua. Mwaka 2020 ulitufundisha hilo wote. Corona ilipoingia, abiria walizuiwa mipakani, malori yakapanga foleni ndefu Malaba na Namanga, na watalii wakatoweka. Kinyago kizuri na kibaya vyote vililala rafuni. Aliyekuwa na sababu moja tu ya kuchonga, yaani mteja, alibaki hana sababu. Mwenye sababu mbili alibaki na moja.

Anachoweza kufanya mbeba mzigo

Wewe unayevusha bidhaa hizi ndiye uliye katikati ya fundi na soko. Unaweza kumbana mkono au kumwachia nafasi, na faida yake itakurudia.

Ukitoa oda ya vitu 20, mwambie fundi 15 viwe kama mlivyokubaliana na 5 afanye apendavyo, na uvilipie bei ile ile. Hasara ikitokea ni ndogo. Faida ikitokea, unaweza kupata mtindo ambao hakuna mwenzako aliye nao.

Mpe muda. Rangi na mti vina mwendo wao, na kazi ya kuharakishwa huonekana hata kwa mteja asiyejua kuieleza. Lipa siku uliyoahidi, kwa sababu fundi anayewaza deni hawezi kuwa na akili kwenye patasi.

Andika jina la fundi na mahali alipo nyuma ya kila kipande. Mteja hulipa zaidi anapojua kitu kimetoka kwa nani. Na fundi atapata kile ambacho Tingatinga alikipata akiwa amekwisha kufa.

Usimpelekee fundi wa Wamunyu picha ya kazi ya fundi wa Mwenge aigize. Unaua meza zote mbili, pamoja na yako.

Tena, tumia njia halali zilizopo. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani kwa mzigo, zinaweza kuvuka kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani bila kulipa ushuru wa forodha, kama ziko kwenye orodha iliyokubaliwa. Kwa mpingo, uliza kwanza kibali cha mazao ya misitu, maana tangu mwaka 2017 jamii nzima ya miti hiyo iko chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa. Mzigo ulionyang'anywa kwa kukosa karatasi ni kazi ya mikono ya mtu iliyopotea njiani.

La mwisho linakuhusu wewe mwenyewe. Kuchagua vikapu 30 kati ya 200, kuvifunga visipindike, kuvipanga mezani rangi ipokeane na rangi, kumweleza mgeni kwa nini duara lile limezunguka vile: hiyo nayo ni kazi ya ubunifu. Watu husema riziki ni mafungu saba, na hakuna ajuaye fungu lake la leo. Siku ambayo meza ilipangwa vizuri, maswali ya wateja yakajibiwa kwa ukweli na hesabu zikaandikwa sawasawa, ni siku ya kazi iliyofanyika, hata kama jioni unarudisha vikapu 29. Kesho asubuhi vinapangwa tena.